Blanketi la Kufumuliwa

Mama alianza na mapazia. Nilitoka jikoni nikamkuta amekaa kwenye kochi, upindo wa pazia la sebuleni umelala mapajani mwake, na uzi wote uliokuwa umeushika upindo ule ameuzungusha kidoleni vizuri kabisa. Nilicheka. Nilidhani ni kichekesho cha siku moja. Wiki ile ile akafumua foronya mbili, mfuko wa gauni lake, kola ya shati langu la kazini na kitambaa cha kufunikia televisheni, ambacho sikuwahi kujua kina mishono mpaka alipoimaliza yote. Nyumba nzima ikawa inaning'inia nyuzi. Ukikaa kwenye kiti ukainuka, una uzi mgongoni.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na mbili, na hakuwa fundi wa kubahatisha. Watu walikuwa wanapita maduka matatu ya mafundi wengine ili wafike kwake. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata baba, Mungu amrehemu, alimwita Fundi. Mimi ni bintiye wa pekee, nina miaka arobaini na nne, ni karani wa shule, na kushona sijui. Kifungo kikinidondoka nabana pini. Watu wakisikia hivyo huangua kicheko, nami nimeshazoea.

Kichwa chake kilianza kumwacha mwaka juzi. Kwanza yaliondoka majina ya watu, kisha siku za wiki, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka dukani. Mimi niliondoka kichwani mwake mwezi wa sita. Aliniuliza kwa adabu kama nimekuja kupimwa nguo, nikamwambia, "Mama, ni mimi, mwanao." Akanitazama kwa huruma, unavyomtazama mtu aliyekosea mlango. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimwambia, "Mama, ni mimi," na kila asubuhi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, halafu akarudi kwenye nyuzi zake.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonivunja ni mkono. Mapindo ya nyumbani yalipokwisha, akauhamia mkono wake wa kushoto. Alikuwa na mkwaruzo uliokauka juu kidogo ya kifundo, mstari mweusi uliopinda, na kwa macho yake ule ulikuwa mshono mbaya. Akaanza kuufumua. Alitumia kucha, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama alivyokuwa akifanya kazini. Hakulia wala hakukunja uso. Damu ilipotiririka aliipangusa kwa pindo la gauni, asije akachafua kazi ya mtu.

Nilimfunga bandeji, akaifumua. Nikamvalisha soksi mikononi, akazifumua kwa meno. Nikachukua likizo yangu yote ya wiki tatu ili nikae nikiilinda mikono miwili ya mama yangu, na bado nikienda kujisaidia tu, nikirudi nakuta damu.

Kaka yangu ndiye mkubwa. Anaishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari, na hupiga simu kila Jumapili. Si mtu mbaya. Ni mtu asiyeweza kukaa na jambo lisilo na jibu, basi akipata jibu lolote hulishika kwa mikono miwili.

"Nimepata nafasi kwenye ile nyumba ya wazee, ya hapo kwenu ng'ambo ya mji," aliniambia. "Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kumchukua, nampeleka mwenyewe. Usianze kulia."

"Silii."

"Likizo yako inaisha. Jumatatu ile utamwachia nani? Kufuli?"

Nilimkatia simu na kusingizia mtandao.

Kesho yake nilimwomba jirani akae naye kwa saa moja, nikaenda kuiona nyumba yenyewe. Nilikwenda nikitafuta ubaya, sikuuona. Sakafu inang'aa, mashuka yananukia sabuni, wahudumu wana lugha nzuri. Karibu na dirisha alikaa bibi mmoja kwenye kiti cha mbao, viganja vyake vimefungwa kwenye mikono ya kiti kwa bandeji nyeupe, fundo limepigwa kistaarabu kabisa.

"Huwa anajikwangua," mhudumu alinieleza. "Ni kwa usalama wake."

Mikono ya yule bibi ilikuwa imefungwa, lakini vidole vilikuwa bado vinakwenda. Vilikuwa vinapapasa hewa, vinatafuta kitu. Nilisimama pale mpaka mhudumu akaniuliza kama najisikia vibaya. Nilijisikia vibaya sana. Nikatoka nimeshaapa: mikono ya mama haitafungwa. Mikono ile imevalisha maharusi na watoto wa shule wa nusu ya mji huu. Namna ya kuizuia sikuwa nayo, nilikuwa na kiapo tu.

Jumanne nilimpeleka zahanati. Muuguzi, mama mmoja mnene asiye na haraka, alikisafisha kidonda huku mama akimkagua mshono wa begani mwa sare yake.

"Dada, hiki tunakifunga mara ya tatu," muuguzi alisema. "Anafungua bandeji, anafungua na nyama. Uchafu ukiingia kwenye damu, kwa umri huu hatutakuwa na maneno mengi ya kusema."

"Niambie la kufanya, nitalifanya."

"Hii mikono ina njaa. Ipe kazi. Ikikosa kazi, itabidi ifungwe, kwako au kwa mwingine."

Kwenye benchi la kusubiria dawa kulikuwa na rundo la magazeti ya zamani ya akina mama. Nilifungua moja bila kusoma, macho yakagota kwenye kichwa cha habari: "Kazi Rahisi za Kushona Nyumbani: Blanketi la Viraka kwa Siku Mbili". Palikuwa na picha ya mwanamke anatabasamu na mkasi mkononi. Nikakohoa ili mlio usisikike, nikauchana ukurasa ule, nikautia kwenye mkoba. Sijawahi kuiba maishani mwangu, na mara ya kwanza nikaiba ushauri.

Wazo langu lilikuwa hivi: nimtengenezee blanketi dogo la mapajani, lenye viraka vya kila aina, la kitambaa laini na kigumu, lenye zipu na vifungo, mikono yake ipate pa kutembea. Chini ya kitanda chake kulikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa, miaka arobaini na mbili ya ncha na pembe ambazo hakuwahi kukubali zitupwe. Nikalimwaga sakafuni. Cherehani yake nikaifunua shuka, nikaitia mafuta, nikaikanyaga. Ikaenda kinyumenyume na kukata uzi, nikaiacha nikashika sindano ya mkono.

"Rahisi," gazeti lilisema. Aliyeandika neno hilo naomba nikutane naye. Kata vipande ishirini na tano vya mraba, vyote sawa. Nilikata. Viweke uso kwa uso, viunge. Niliunga, nikajikuta nimeviunga uso kwa mgongo, nikafumua, nikaunga upya. Hakuna aliyeniambia kwamba mshono unakula kitambaa. Kwamba ukikata shubiri moja, ukishona haibaki shubiri. Mahali pengine mshono wangu ulikula kidogo, mahali pengine ukala kwa pupa, basi mstari wa kwanza ukawa mrefu kuliko wa pili, na wa tatu ukaishia hewani. Ndani nikatia kipande cha blanketi kuukuu, chini nikatia bitana. Kitu kizima kilifanana na ramani ya shamba lenye kesi.

Siku nne. Gazeti lilisema mbili. Nilishona jicho moja likiwa kwenye sindano na jingine kwa mama, na kila mkono wake wa kulia ulipoelekea wa kushoto niliruka. Kidole changu cha shahada kilitobolewa mara sita. Hata hivyo Jumamosi jioni nilipomaliza nilikibusu kile kituko.

Jumapili asubuhi, baada ya chai, nikamwekea mapajani. "Mama, nimekushonea."

Alipitisha kiganja juu yake. Nikaona kitu kinaamka machoni mwake. Kisha akalipindua kutazama mgongo wake, maana mafundi hawana habari na uso wa kazi, hutazama mgongo. Akasonya msonyo mrefu ambao sikuwa nimeusikia tangu afunge duka.

"Fumua," akasema.

Na akafumua. Dakika arobaini tu, vipande ishirini na tano vikawa vimepangwa mezani kwa ukubwa, uzi umezungushwa kidoleni, bitana imekunjwa. Siku zangu nne. Niliingia chooni nikafunga mlango, nikauma taulo nikapiga kelele.

Kaka alipopiga simu siku ile nilimwambia kila kitu kinakwenda vizuri. Akaniambia amekwisha kulipia matandiko.

Hapo ndipo hasira iliponipanda kichwani, na nikashona nikiwa na hasira. Nilijisemea, sasa tuone atafumua nini. Nilikwenda kwa mshona viatu nikapata uzi wa nailoni, ule wa kushonea soli. Nikaviunga upya vipande vile vile, kila mshono mara tatu, vijishono vidogo kama punje za sukari, kila mwisho nikaufunga fundo na juu ya fundo nikadondoshea gundi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kidole kilivimba nikakifunga kitambaa nikaendelea. Nilipomaliza nilivuta pembe mbili kwa nguvu zangu zote, halikutoa hata mlio. Nikajiona mshindi.

Jumatano alasiri nikamwekea mapajani. Akalipindua, akasonya, akatafuta mwanzo wa uzi. Hakuupata. Akajaribu pembe nyingine. Kucha yake ikakatika, akaitazama, akajaribu na nyingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijipongeza kwa kumshinda kikongwe wa miaka sabini na nane. Alihangaika hivyo kama nusu saa. Halafu akaacha, akaivuta mikono yake karibu na uso na kuitazama, mbele na nyuma, kama mtu anayeulizia kitu alichoibiwa. Blanketi akalisukuma likaanguka chini. Mkono wa kulia ukaenda kwenye wa kushoto.

Alhamisi mchana kidonda kilifunguka kuliko siku zote. Nilikuwa nimeinama kuokota sahani. Nilipoinuka gauni lilikuwa jekundu mpaka magotini na kucha zake zilikuwa ndani, ndani kabisa, zinatafuta uzi. Nilimshika, akawa na nguvu ambazo sikujua anazo. Nilihitaji maji, dawa na bandeji, vyote viko jikoni, nami nina mikono miwili tu na yote miwili inamshikilia yeye.

Nikavua skafu yangu kichwani. Nikamfunga.

Nilimfunga mkono wa kulia kwenye mkono wa kiti, nikakaza, nikapiga fundo. Nikakimbilia jikoni, nikachukua dawa, nikarudi nikaosha kidonda nikakifunga. Kazi ilikwisha. Nilipaswa kumfungua, lakini miguu ilinipeleka kwenye korido, nikakaa chini, mgongo ukutani, na nikaona raha. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakuna kilichokuwa kinafumuliwa, na niliona raha. Nilikaa pale karibu robo saa.

Kisha nikasikia sauti yake kutoka sebuleni, ndogo, ya unyenyekevu, sauti ambayo hakuwahi kuitumia hata na wateja wakubwa.

"Dada? Samahani, dada. Kama nguo haikukukaa, nitairudia. Sitakudai. Nifungue tu niirudie."

Mungu wangu. Nilitambaa kwenda kule. Fundo langu nilikuwa nimelikaza hata mimi mwenyewe likanishinda, nikalikata kwa kisu cha jikoni, nikijua kabisa kwamba nimekuwa yule mhudumu, tena bila ile lugha nzuri. Nikapiga magoti, nikalaza kichwa mapajani pake juu ya damu. Akanipapasa nywele.

"Basi, basi," alisema. "Nguo hurekebishika."

Siku ile nilishindwa. Nilipanga nguo zake kwenye begi: magauni manne, kandambili, sweta. Nikampigia simu Pini aje Ijumaa amuage.

Pini alikuwa mwanafunzi wa mama, wa kwanza kabisa. Jina hilo alilipata kwa sababu huongea na pini midomoni, maneno yanapitia pembeni, na hata asipokuwa na pini huongea hivyo hivyo. Sasa ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee, anashonea nyumbani kwake. Alifika saa tano asubuhi, akavua viatu, akapiga goti mbele ya kiti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Bado, Fundi."

"Mvivu," mama alisema, na midomo yake ikacheza. Nikawaona wote wawili kwa pamoja nikashikwa na wivu, wivu mbichi wa mtoto. Pini alikuwa hajasema yeye ni nani. Hakujitambulisha. Alikuwa ameingia tu mahali ambapo mama yupo.

Akaliona blanketi sakafuni. Akaliokota, akalivuta, akalinusa gundi.

"Hili umelishona au umelijenga?"

"Nilitaka asiweze kulifumua."

"Kwa nini?"

Nilimtazama kama mjinga. Nikamweleza yote, tena kwa kupayuka: mapazia, mkono, la kwanza alivyolibomoa kwa dakika arobaini, bibi wa dirishani, skafu. Hasa skafu. Pini alisikiliza bila kunikatiza, akiligeuza blanketi mikononi.

"Sasa nikuulize," alisema nilipoishiwa pumzi. "Zile dakika arobaini, mkono wake aliugusa?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nikazikumbuka zile dakika, moja moja.

"Hakuugusa," nilisema.

"Hakuugusa. Mimi nilikuja kwa Fundi nina miaka kumi na saba. Unajua mshono wangu wa kwanza nilishona lini? Mwezi wa nne. Miezi mitatu nilikuwa nafumua tu. Hapo ndipo anapoanzia mwanafunzi wake yeyote: akupe nguo mbovu ufumue bila kuumiza kitambaa, mpaka mkono ukijue kitambaa kilivyo. Na kila jioni anapitia kazi zetu, mbaya anafumua mwenyewe, anatuachia vipande vimepangwa mezani. Wewe unadhani anaharibu. Huyu haharibu, anasahihisha. Halafu wewe ukamletea kazi mbovu isiyosahihishika." Akaligonga lile blanketi kwa ukucha, likalia kama ubao. "Ukamtesa."

Neno lile lilinichoma, na sikulikataa.

"Sasa nifanye nini? Kaka anakuja kesho saa nne."

"Mpe makosa," Pini alisema. "Makosa ya kutwa nzima."

Tulikaa chini, gunia la mabaki katikati yetu. Akanionyesha kupiga bandi: mishono mirefu ya mkono, imelegea, haina fundo mwanzoni wala mwishoni, ile ya kushikizia tu kitambaa kabla ya kazi yenyewe. Viraka vitatu, vinne, unaviunga, unampa. Akimaliza kufumua unavichukua, unaviunga tena kivingine. Hakuna blanketi litakaloisha. Mimi nilikuwa na kipawa, na sikujua mpaka siku ile: hakuna anayeweza kushona vibaya kama mimi. Pini alijaribu kukosea kwa makusudi, mkono wake ukakataa, mistari ikanyooka tu. Akaniachia kazi.

Mama alipokea kipande cha kwanza saa saba mchana. Akakipindua, akasonya, akafumua. Nikampa cha pili. Mabega yake yakashuka. Kufikia alasiri alikuwa ananung'unika wimbo usio na maneno, na alikuwa ananigombeza: mkono mzito, macho huna, unakimbilia wapi? Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Jua lilipozama bandeji ilikuwa nyeupe kama nilivyoifunga asubuhi.

Jumamosi saa nne kamili nikasikia mlango wa gari. Kaka aliingia na begi jipya la magurudumu, shati limekunjamana kwa safari, macho mekundu. Alikuwa ameondoka kwake kabla ya alfajiri. Hakunisalimia vizuri, aliogopa tukianza salamu hatatenda.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, viraka mapajani, uzi kidoleni. Pini alikuwa jikoni akichemsha chai. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, naunga.

"Shikamoo, mama," kaka alisema.

"Marahaba. Karibu."

"Mama, nimekuja kukuchukua."

Mama alitua kazi yake. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akampima kwa macho mabega na kiuno, mazoea ya miaka. Sijui alisikia nini. Nadhani silabi moja ilimpotea njiani, akasikia kile ambacho wanaume walikuwa wakimwambia mlangoni maisha yake yote: nimekuja kuchukua.

"Haijawa tayari," alimwambia. "Njoo Ijumaa."

Kaka alinitazama. Nikatazama chini.

"Mama, gari liko nje. Nimetoka mbali."

"Najua umetoka mbali, baba, nisamehe sana. Umeme ulikatika." Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, haijawahi kuujua umeme. "Halafu nina mwanafunzi huyu hapa, kaniharibia kazi yote, tunairudia upya. Siwezi kuondoka nikamwacha. Hajui hata kupiga bandi. Nikitoka hapa nani atamfundisha?"

Kaka akakaa. Alikaa juu ya lile begi la magurudumu, likaserereka kidogo, akajishikilia ukutani. Akautazama mkono wa mama, bandeji nyeupe, na mkono wa kulia ulivyokuwa umesharudi kwenye viraka, mbali na kidonda.

"Tangu lini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu jana saa saba mchana."

"Hiyo ni siku moja."

"Ni siku moja."

"Na Jumatatu?"

"Pini ataleta cherehani yake, atashonea hapa mchana. Jioni mimi. Kaka, siwezi kukuahidi kitu. Kidonda kinaweza kufunguka kesho. Juzi nilimfunga kwa mikono yangu, unanisikia? Nilimfunga kwenye kiti kile. Ukimpeleka kule watamfunga kila siku, na hakuna atakayesikia akiomba radhi kwa nguo."

Sikukusudia kupaza sauti. Mama alinitazama kwa ukali, maana hatugombani mbele ya wateja. Kaka alifunika uso kwa viganja akalia kwa kwikwi, mwanaume wa miaka hamsini, amekaa juu ya begi tupu. Mama alisubiri amalize. Amewaona wengi wakilia kwa sababu ya nguo ambazo hazijawa tayari.

"Sawa, Fundi," kaka alisema mwishowe, akijifuta kwa mkono wa shati. "Ijumaa."

"Ijumaa bila kukosa."

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Aliweka begi nyuma, akasimama ameshika mlango.

"Ijumaa ipi?" aliniuliza.

"Wewe unawajua mafundi," nilimwambia, na tukacheka, kicheko kibaya chenye makamasi, kisha akaondoka.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa amekipindua kipande changu cha mwisho na anakitazama mgongo. Nikasema kwa mazoea tu, bila kufikiri, "Mama, ameondoka."

Aliinua macho. "Una mama wewe?"

Nilikuwa na jibu langu la kila asubuhi, liko tayari ulimini. Mama, ni mimi. Nikaitazama mikono yake iliyotulia, na sikuthubutu kuitikisa.

"Ninaye, Fundi," nilisema.

"Anajua kushona?"

"Sana. Hakuna anayemfikia."

"Sasa ilikuwaje asikufundishe?" Alikasirika kwa niaba yangu, alikasirika kweli. "Mtu mzima hivi, mkono kama wa mtoto. Ilikuwaje?"

Hilo ni swali ambalo nilikuwa nimelibeba mwenyewe tangu utotoni, nikiwatazama wasichana wa watu wakiinama naye juu ya cherehani, na sikuwahi kupata ujasiri wa kumuuliza.

"Alikuwa na kazi nyingi," nilisema.

"Amekosea," mama akasema. Akasogeza viraka, akapapasa nafasi ndogo pembeni mwa kiti chake. "Sogea hapa. Lete huo mkono."

Nikasogea. Akakishika kidole changu kilichovimba, akakipangilia juu ya sindano pamoja na chake, akanionyesha mahali pa kuingilia.